Saa Arobaini za Huduma

Shule yenyewe haikuwa hata na lango la maana, lakini masharti ilikuwa nayo. Yalibandikwa kwenye ubao wa matangazo nje ya ofisi, nyuma ya kioo kilichopasuka, na kila aliyetaka cheti cha kumaliza alitakiwa kuyajua kama anavyolijua jina lake. Masomo sita yafaulu, hesabu ikiwemo. Mahudhurio yasipungue robo tatu. Vitabu na dawati virudi salama. Na mwisho kabisa, saa arobaini za huduma kwa jamii, zisizidi mbili kwa siku, zithibitishwe na mhudumiwa mwenyewe, ambaye asiwe ndugu wa mwanafunzi kwa damu wala kwa ndoa. Aliyepungukiwa hata na sharti moja alinyimwa cheti, na aliyenyimwa cheti alirudia yote mwaka uliofuata, mitihani pamoja na saa za huduma, kana kwamba hakuwahi kukanyaga pale.

Shangazi aliyajua kwa moyo. Hilo la Shangazi ni jina alilobandikwa na wanafunzi wenzake, vijana wa miaka kumi na minane ambao yeye, mwenye thelathini na sita, angeweza kuwazaa wote. Alikatiza masomo akiwa msichana, mwezi mmoja kabla ya mtihani, mama yake alipofariki na wadogo zake wakabaki mikononi mwake. Shule ilipotangaza kwamba waliokatiza wanaweza kurudi na kusoma vipindi vya asubuhi, saa mbili hadi saa tano, yeye alikuwa wa kwanza kwenye foleni. Akakaa miaka miwili kwenye dawati lililomkwaruza magoti. Masomo sita alifaulu. Hesabu alipata arobaini na moja, na alama ya kupita ilikuwa arobaini, kwa hiyo mtu asimletee habari ya kuurudia mtihani ule. Ndani ya begi lake kulikuwa na barua ya chuo cha wauguzi, imekunjwa mara nne: nafasi unayo, leta cheti.

Lilibaki sharti moja tu, la saa. Na hapo Shangazi alijiona ameshafika, maana kama kuna kitu alichokuwa nacho tele duniani ni saa za kumhudumia mgonjwa.

Nyumbani kwake, chumba cha nyuma, alilala mama mkwe wake. Bi mkubwa alipooza upande wa kulia asubuhi moja akichana nywele, miaka kumi na moja iliyopita, na tangu siku hiyo Shangazi ndiye aliyemwosha, aliyemlisha, aliyemgeuza kila baada ya muda ili asitoke vidonda vya mgongo. Nesi wa hospitali alimwambia aandike kila kitu, naye akaandika, madaftari tisa: saa ya kugeuza, saa ya dawa, amekula, amekataa, amenitemea. Mgongo wa bi mkubwa ulikuwa laini kuliko wa Shangazi mwenyewe.

Shukrani hakuiona. Bi mkubwa hakuwahi kuitambua ndoa ile. Mwanawe wa pekee wa kiume, fundi bomba, alishachaguliwa mchumba na mama yake, akampiga chenga na kwenda kuandikishana na mwingine ofisini kwa msajili. Mama mtu hakuhudhuria, na kwake yeye jambo ambalo hakulishuhudia halikutokea. Wageni wakija aliwaambia, "Yupo mwanamke humu, anapika." Hakuwahi kumwita kwa jina, wala kumwita mkwe, wala mwanangu. Pembeni ya mkono wake mzima alikuwa na kopo la bati na kijiko, na akitaka kitu aligonga. Mara moja maji, mara mbili kugeuzwa, mara tatu choo. Sauti yake ilikuwa imefifia, haikuvuka mlango wa chumba, lakini kopo lile lilisikika mpaka kwa kinyozi ng'ambo ya barabara. Tusioneane haya hapa, mwanamke yule alikuwa na roho ya korosho. Na mwanawe, kila Shangazi alipomlalamikia, alikuwa na jibu lake moja alilolitumia miaka yote: "Mama ndivyo alivyo, mzoee."

Mwalimu aliyeshughulikia huduma aliitwa Mwalimu Saa. Ofisi yake ilikuwa stoo ya michezo ya zamani; mipira iliyopasuka ilikuwa bado juu ya kabati, na ukutani palikuwa na saa kubwa aliyoirekebisha kila asubuhi kwa kufuata redio. Shangazi alimpelekea madaftari yote tisa ndani ya mfuko, akayapanga mezani. Mwalimu akafungua la kwanza, akasoma kurasa mbili tatu, kisha akafungua la mwisho.

"Kazi nzuri sana hii," alisema. "Hata hospitalini hawaandiki hivi. Mgonjwa ni nani?"

"Mama mkwe wangu."

Mwalimu akalifunga daftari taratibu. "Mama, hiyo siyo huduma. Hiyo ni ndoa."

Vijana waliosubiri mlangoni wakaangua kicheko. Shangazi naye akacheka kidogo, kwa kuwa alidhani ni utani na kwamba baada ya utani angeandikiwa.

"Ni miaka kumi na moja, mwalimu. Mimi naomba saa arobaini tu humo ndani."

"Hata ingekuwa mia. Ndugu hahesabiki." Akayasukuma madaftari kuelekea kwake, kisha akateremsha sauti. "Nisikilize. Mimi siandiki ninachokijua. Naandika ninachoambiwa na mhudumiwa, kwa mdomo wake, nikiwa nimesimama pale. Hao vijana wote hapo mlangoni wana bibi na babu zao nyumbani. Nani anakwenda kwa bibi wa nani, hilo mimi sijauliza."

Nje, chini ya paa la baiskeli, msichana mmoja wa darasa lao akamfafanulia. Walimwita Chapchap, kwa kuwa hakuna kitu alichowahi kukifanya polepole, si kula, si kuandika, si kuomba radhi.

"Tunabadilishana wazee, Shangazi. Kila mwaka ndivyo wanavyofanya. Wewe nipe mama mkwe wako, mimi nikupe babu yangu. Saa nane mpaka saa kumi, siku ishirini, tumemaliza. Ila babu anapenda sana maongezi, nakuonya mapema."

Wakakubaliana palepale. Shangazi alichukua fomu tatu, moja ya kujaza na mbili za akiba, kwa kuwa alikuwa mtu wa kujiandaa.

Nyumbani hawakumwambia bi mkubwa habari ya chuo. Chuo kilikuwa cha bweni, mwaka mzima, na fundi bomba alikuwa ameshapanga na dada yake aje akae na mama. Dada mtu huyo, wifi yake Shangazi, alikuwa na mkono mzito na subira fupi, na bi mkubwa alimjua binti yake vizuri. Walikubaliana kumweleza cheti kikishapatikana, mambo yakishakuwa hayana njia ya kurudi. Lakini nyumba ile kuta zake zilikuwa nyembamba, na mgonjwa wa miaka kumi na moja hana kazi nyingine zaidi ya kusikiliza.

Babu wa Chapchap aliishi mwisho wa barabara ileile. Alikuwa fundi cherehani, ameshona sare za shule ile kwa miaka arobaini, na sasa presha ya macho ilikuwa imemzimia taa zote mbili. Siku ya kwanza Shangazi alipobisha hodi, mzee alisema kutoka kitini, "Karibu, mwanangu." Shangazi akajitia kutafuta beseni uani mpaka uso ulipokauka, maana hakuitwa hivyo tangu mama yake alipozikwa.

Akamkata kucha, akamwosha miguu, akamsomea gazeti hadi matangazo ya vifo. Mzee bado alipenda kupiga pindo kwa kupapasa, kwa hiyo Shangazi alimtungia sindano kumi na mbili kila siku kabla ya kuondoka, akazichomeka kwa safu kwenye mto mdogo. Mzee aliongea kweli. Alimsimulia kila suruali iliyowahi kumshinda.

Tatizo lilikuwa sahihi. Fomu ilikuwa na mstari kwa kila siku: tarehe, saa, sahihi ya mhudumiwa. Siku ile ya kwanza Shangazi alimshikisha mzee kalamu na kumwonyesha mstari kwa kidole. Mkono ukatetemeka, kalamu ikatoka nje ya mstari, ikarudi, ikachana karatasi. Robo saa nzima ilipita hivyo, na jasho likamtoka mzee kwenye paji la uso. Shangazi akamwambia atumie dole gumba.

"Dole gumba ni la asiyesoma," mzee alisema. "Mimi nimesoma." Akairudisha kalamu. "Mkono huu ulikata suti za mahakimu, mwanangu. Hiyo fomu ichane. Nisisikie mtu ameuona mchoro huo."

Shangazi akaichana karibu na sikio lake, ili asikie. "Basi babu, tusijisumbue. Siku ya mwisho tutakaa kwa nafasi, nitakushika kiwiko, tutatia zote kwa mkupuo."

Mzee akashusha pumzi, na usoni akaonekana mtu aliyetuliwa mzigo. Nani angemlaumu Shangazi? Mwingine yeyote darasani angelibonyeza dole la mzee kwa nguvu na kuendelea na safari zake. Yeye alimwonea huruma, na huruma ile ilikuja kumtokea puani.

Chapchap hakuwa na matatizo hayo. Alifika kwa bi mkubwa saa nane kamili, akamlisha uji kwa dakika nne, kijiko juu ya kijiko, akakibonyeza kidole cha bi mkubwa kwenye pedi ya wino na kukipiga fomuni kama karani wa posta. Muda uliobaki alikaa ukingoni mwa kitanda na simu, akimwonyesha watu wanaocheza muziki. Bi mkubwa alicheka kwa nusu ya mdomo iliyokuwa hai. Shangazi aliporudi saa kumi alikuta dawa iko kwenye kikombe vilevile, na chini ya blanketi lililotandikwa vizuri shuka limelowa chapachapa. Bi mkubwa hakulalamika hata siku moja. Yeye, ambaye Shangazi akichelewa dakika tano alikuwa akigonga kopo mpaka kinyozi anatoka nje na mkasi mkononi, alilala kwenye unyevu ule kwa raha zake.

"Yule mtoto ana mikono ya pamba," alisema siku moja, Shangazi akiwa ameinama kumvua shuka. Yalikuwa maneno marefu kuliko yote aliyomwambia mwaka ule. "Pamba tupu."

Shangazi akapeleka shuka uani, akalifua, na alipokuwa analikamua alilia kwa hasira. Iliuma, na aliacha iume.

Siku zikaenda. Shangazi alimaliza alasiri ya kumi na tisa kwa babu, saa thelathini na nane, zikabaki mbili. Wakaagana kwamba kesho watatia sahihi, na mzee akasema atanyoa ndevu kwa ajili ya shughuli hiyo. Asubuhi yake Chapchap alikuja mlangoni, na kwa mara ya kwanza alikuwa anatembea polepole.

"Shangazi, babu ametutoka."

Shangazi alikaa chini kwenye kizingiti. Alimlilia mzee yule kwa dhati, na katikati ya kilio, huku anajionea aibu, akaikumbuka fomu.

Mwalimu Saa alimpa pole kwa mikono miwili, kama inavyotakiwa. Kisha akaipokea fomu, akaigeuza mbele na nyuma.

"Haina kitu."

"Nilikuwa naenda kila siku, mwalimu. Waulize watu wa nyumba nzima. Muulize mjukuu wake, muulize mama yake."

"Siwezi. Mhudumiwa ndiye anayetia. Mlezi anaruhusiwa kumtilia asiye na akili timamu. Je, marehemu alikuwa na akili timamu?"

"Mpaka dakika ya mwisho."

"Basi hiyo ndiyo bahati mbaya yako, mama." Akamrudishia fomu. Hakuwa anamkejeli, alisema kama mtu anayemwambia mwenzake mvua inakuja. "Nafunga Ijumaa saa kumi. Leo ni Jumanne, na kwa siku sihesabu zaidi ya saa mbili. Jiandikishe mwakani."

Mwakani. Masomo sita upya, na hesabu ile, na chuo kingempa mtu mwingine nafasi yake. Jioni ile alimweleza mumewe. Fundi bomba alikuwa anasafisha koki kwa kitambaa, akaacha kidogo, akasema mwaka siyo mwingi, atazoea.

Ijumaa saa nane Mwalimu Saa alikuja nyumbani kwao, siyo kwa ajili ya Shangazi bali kumkagua Chapchap, maana ndivyo ilivyokuwa: saa zikitimia, mwalimu alikwenda kumsikia mhudumiwa kwa masikio yake. Shangazi alimweka bi mkubwa sawa kwenye mito, akamfuta mdomo, akamwekea mgeni kiti na chai. Mwalimu akakaa, akavua saa ya mkononi na kuiweka mezani mbele yake, akafungua kalamu. Chapchap alisimama kando ya kitanda, simu mfukoni, adabu tele.

"Bi mkubwa, unamfahamu binti huyu?"

"Roho yangu hii."

"Ni ndugu yako, kwa damu au kwa ndoa?"

"Ingekuwa heri," bi mkubwa alisema. Ulimi wake ulikuwa mzito, lakini maneno yalitoka moja moja, yakaeleweka. "Laiti mwanangu angeoa hivi. Siyo ndugu."

"Anakuhudumia vizuri?"

"Tangu nianguke sijashikwa vizuri namna hii."

Mwalimu akaandika. Shangazi, aliyekuwa amesimama mlangoni na sinia, aliitazama mikono yake mwenyewe, iliyopauka kwa sabuni. Mwalimu naye akamwona, na kwa kuwa alikuwa mtu mstaarabu nje ya masharti yake, akataka kumpoza.

"Na huyu mwenye nyumba je? Naye anafanya kazi kubwa, nimeona madaftari yake."

"Nani, huyo?" Bi mkubwa hakugeuza hata shingo. "Huyo siyo mtu wangu. Mimi sina mkwe. Mwanangu hajaoa. Huyo ni mwanamke tu yupo humu, anapika."

Chapchap akainamisha macho. Mwalimu akakohoa, akanywa chai. Moto ulimpanda Shangazi kutoka shingoni mpaka masikioni, mbele ya mwalimu wake, mbele ya mtoto wa darasani kwake. Na moto ulipofika juu, kitu kikamwakia kichwani. Aliweka sinia chini. Alikwenda chumbani kwake akarudi na ile fomu ya akiba, na madaftari tisa, akaviweka mezani kando ya saa ya mwalimu. Ilikuwa saa nane na dakika ishirini.

"Mwalimu," alisema, "uliniambia huandiki unachokijua. Unaandika unachoambiwa na mhudumiwa, kwa mdomo wake, ukiwa umesimama pale."

"Nimesema."

"Umeambiwa."

Mwalimu aliyatazama madaftari, akamtazama Shangazi. Kisha akaanza kutikisa kichwa, na tabasamu likamtoka polepole, la mtu aliyefungwa bao na mchezaji aliyemdharau. "Umenishika, Shangazi," alisema. "Kweli umenishika. Siyo ndugu kwa damu. Na mwenyewe anasema siyo kwa ndoa. Saa ziko humu za kumwaga." Akaivuta fomu. "Lakini lazima niulize kwa utaratibu, na ajibu kwa utaratibu, na atie dole."

Shangazi akapiga magoti kando ya kitanda. Miaka kumi na moja aliomba atambuliwe, kwa uji, kwa mashuka, kwa kunyamaza. Sasa aliomba akanwe, na aliomba kwa moyo wote.

"Sema tu ulichosema sasa hivi, mama. Neno lilelile."

Mwalimu akasoma swali. "Bi mkubwa. Mwanamke huyu ni ndugu yako, kwa damu au kwa ndoa?"

Jicho zima la bi mkubwa lilitoka kwa mwalimu, likashuka kwenye fomu, likapanda kwa Shangazi. "Unauliza kwa nini?"

"Ukisema siyo ndugu, saa zake zinahesabika. Anapata cheti."

"Halafu?"

Mwalimu Saa hakuwa mtu wa kudanganya. "Halafu anakwenda chuo cha wauguzi."

"Kulala huko?"

"Ni bweni, ndiyo. Mwaka mmoja."

Saa ya mwalimu ilisikika juu ya meza. Bi mkubwa alilala akitazama dari, na Shangazi, aliyemsoma mwanamke yule kwa miaka yote hiyo, aliuona uoga ukimpita usoni. Aliona kwamba alikuwa ameshasikia kila kitu kupitia ukutani, chuo, na wifi, na mkono mzito wa wifi. Kwa nukta moja alimwonea huruma. Kisha bi mkubwa akakohoa, akaweka koo sawa, na akasema kwa sauti safi kuliko zote alizotoa tangu aanguke.

"Huyu ni mkwe wangu."

"Mama," Shangazi alisema.

"Mkwe wangu. Mke halali wa mwanangu wa pekee wa kiume, waliandikishana kwa msajili. Miaka kumi na moja ananilisha, ananigeuza, sijawahi kutoka hata kidonda kimoja. Hakuna mwanamke mwenye mkwe kama mimi." Mkono wa kushoto ukanyanyuka kutoka kitandani, ukatua juu ya kichwa cha Shangazi, ukampapasa nywele. "Andika, mwalimu. Andika vizuri, asije mtu akasema sikusema."

Yalikuwa ndiyo maneno. Shangazi alishawahi kuyaota, hata mpangilio wake, hata mkono kichwani. Alibaki amepiga magoti, na machozi yalimtoka, na mwalimu akadhani ni ya furaha iliyochanganyika na uchungu, akageukia dirishani kumpa nafasi. Kisha akaandika alichoambiwa, akaleta pedi ya wino. Bi mkubwa alitoa dole mwenyewe.

Chapchap alikuwa wa kwanza kuondoka, fomu yake mkononi. "Asante bibi. Kwa heri."

"Kesho uje mapema," bi mkubwa alisema.

"Kesho? Nimemaliza, bibi. Arobaini zimetimia." Na akatoka, viatu vyake vikasikika vikikimbia barabarani.

Jumatatu asubuhi Shangazi alikwenda shule akajiandikisha upya. Akaliandika jina lake kwenye orodha ya hesabu. Akachukua fomu mpya ya huduma na jina la mhudumiwa, mama mmoja mstaafu wa posta mtaa wa pili, aliyevunjika nyonga. Aliandika muda kwa mkono wake: saa nane hadi saa kumi, kuanzia leo. Pedi ya wino aliiazima hapohapo.

Aliporudi, mumewe alikuwa ameshaondoka kwenda kazini, na akiondoka saa tano huwa harudi mpaka magharibi. Shangazi alimlisha bi mkubwa, akampa dawa, akamgeuza upande wa ukutani, akaandika daftarini. Saa nane kasoro dakika kumi akavaa viatu na kuchukua begi. Kopo likagongwa, mara moja.

Akaenda akampa maji. Bi mkubwa aliyanywa, jicho likiwa kwenye begi.

"Unakwenda wapi?"

"Kwenye saa zangu, mama. Zinaanza upya."

"Yule mtoto anakuja?"

"Haji. Kwani hukumsikia? Yeye amemaliza."

"Na mimi?"

"Wewe ni ndugu," Shangazi alisema. Alisema kwa upole, sauti ileile anayoitumia akimwambia afungue mdomo. "Umesema mwenyewe, mwalimu ameandika. Ndugu hahesabiki."

Bi mkubwa akanyanyua kijiko. Aligonga mara mbili, wakati alikuwa ametoka kugeuzwa, kisha mara tatu, kisha akagonga bila hesabu. Shangazi alisimama akamsikiliza mpaka mkono ulipochoka. Ndipo akainama, akakichukua kijiko kutoka kwenye vidole vyake, akakifuta kwa kona ya shuka, na kukitia ndani ya begi pamoja na fomu na wino.

"Sasa si unalo jina la kuniita," alisema. "Kijiko cha nini tena?"

Akatoka na kuuvuta mlango. Alikuwa amefika kwenye ngazi za mbele aliposikia, kwa mbali sana, kama mtu anayenong'ona ndani ya kabati, mkwe wangu, mkwe wangu. Mtu mwingine asingelisikia.

"Abee, mama," Shangazi akaitika kwa adabu, na akaongeza mwendo, maana mama wa posta alikuwa anamsubiri saa nane, na siku hii alitaka itiwe sahihi leoleo.